Umwuka Mubi Chini ya Tapi

Maneno yalianzia bombani.

"Iyo nzu irimo umwuka mubi," mwanamke mmoja alisema kwa Kinyarwanda, kisha akageukia Kiswahili cha huku. "Njo maana batu banahamaka."

Niliweka bido yangu ya maji chini. Wakaniona, wakanyamaza. Mmoja wao alikuwa Véronique, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Nyumba waliyoisema, iyo nzu, ilikuwa yangu.

Kinyarwanda changu mimi ni cha kanisani. Nilizaliwa Bukavu, nikasoma shule ya msingi tu, na hata hiyo kwa kurukaruka. Nyimbo za misa nazijua, sala nazijua. Umwuka Wera ni Roho Mtakatifu, hilo mtoto wa katekisimu analijua. Basi umwuka mubi utakuwa nini, kama si roho mchafu?

Nilibeba maji yangu nikaondoka bila kuuliza. Ningeuliza neno moja tu siku ile, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Kwa ambaye hakusoma kipande kilichopita: biashara ya mume wangu Munyemana ilikufa kule Bukavu, tukavuka mto na magodoro yetu, tukapanga nyumba hapa Kamembe. Yeye ni Mnyarwanda aliyelelewa Congo. Sasa anachuuza mchele mpakani Ruhwa, nyumbani anarudi Jumamosi. Tuna mtoto mmoja, Elikia, wa miaka mitano. Tangu tuingie nyumba hii mtoto anakohoa.

Mama mkwe wangu, Mukamazimpaka wa Nyakarenzo, alipokuja mara ya kwanza alimsikia. Akaniambia hivi, mbele ya mwanawe:

"Nikirudia hapa nimukute anakohoa bado, ninamubeba. Atakomalia kwangu. Weye utabaki na hii nyumba yako ya kunuka."

Munyemana aliangalia viatu vyake. Mume wangu hajawahi kubishana na mama yake.

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nakipigania. Sikupigania usafi. Nilipigania mtoto wangu asitoke mikononi mwangu.

Na nyumba ilinuka kweli. Kwa sababu dushi yake ilikuwa na tapi.

Mmesoma vizuri. Zulia, ndani ya bafu. La buluu, limegundishwa kwa gamu juu ya sima ya sakafu, kuanzia mlangoni mpaka chini ya choo. Siku tulipoingia nilimuuliza mume wangu:

"Muntu gani anawekaka tapi ndani ya dushi?"

"Muntu aliishi Belgique. Mutoto wa mwenye nyumba. Anasema sima inabaridisha miguu."

"Na maji ya kunawa yanaendaka wapi?"

"Weye unatafuta nyumba ao unatafuta maneno?"

Mwenye nyumba mwenyewe anaishi Kigali. Kwenye simu anasema ndiyo, ndiyo, nitatuma fundi. Fundi hajafika mpaka leo.

Harufu ile haikuwa ya mkojo peke yake. Haikuwa ya ukungu peke yake. Asubuhi ilikuwa kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya maji. Mchana, jua likipiga bati, ilikuwa kama yai viza.

Nilimshuku kwanza mtoto wangu.

"Elikia, ni weye unakojoa kwa tapi?"

"Apana, maman. Tapi yenyewe njo inakojoa."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Maana kila nilipoikanyaga, tapi ilitoa maji ya njano.

Nikaanza vita. Nilimwaga ndoo za maji na sabuni ya unga, nikasugua mpaka goti likachubuka. Nyumba ikanukia vizuri mpaka saa ya chakula. Jioni harufu ikarudi na nguvu mpya, kwa sababu yale maji yote yalikuwa yamejificha chini ya tapi, hayana pa kutokea.

Nikaweka makala, mkaa wa kupikia, kwenye sahani. Nikaweka kahawa. Nikakamua ndimu. Nikapuliza marashi ya Munyemana, akaniuliza kama dushi inaenda harusini.

Kilichosaidia kidogo ni bikarboneti, ile tunayolainishia maharagi. Niliinyunyiza ikiwa kavu, nikaiacha ilale, asubuhi nikaifagia. Nikarudia. Harufu ikapungua kweli, na Elikia akakohoa kidogo tu.

Hapo ndipo Véronique alinisemesha kupitia juu ya ukuta. Dirisha dogo la dushi yetu linatazama uani kwake.

"Maman Elikia, ile dirisha munaifungaka juu ya nini? Muiache wazi. Mukuwe munaiacha wazi kila siku."

"Ikuwe wazi, ikusaidie nini weye?"

"Miye? Ni nyinyi itasaidia."

Nilirudi ndani na mawazo. Jirani gani anahangaika na dirisha la dushi ya mwenzake? Ni huyu huyu aliyekuwa bombani siku ya maneno. Na mara ngapi nimemkuta amesimama karibu na ukuta wetu, ameinua pua kama mbwa wa sokoni? Kwetu tunasema mulozi, yaani mchawi, hatoki mbali, anakuwaka jirani. Nilitwaa kitenge cha zamani nikakipigilia misumari juu ya dirisha lile.

Siku hiyo hiyo kikohozi cha Elikia kikarudi.

Halafu ikaja simu ya Munyemana kutoka Ruhwa.

"Maman anakuya siku ya Yenga, kisha misa. Nitapita kumubeba Nyakarenzo, tutakuya pamoja."

Yenga ni Jumapili. Ilikuwa imekaribia. Bikarboneti ni kitu cha watu wenye subira, na mimi subira iliniisha palepale na simu mkononi.

Nikaenda kumwita Maman Antoinette wa kikundi cha maombi.

Alikuja na Biblia kwapani. Hakukaa, hakuomba hata maji. Alisimama mlangoni mwa dushi, akanusa, akafumba macho.

"Nani alikuambia juu ya hii nyumba?"

"Nilisikia bombani. Banasema iko umwuka mubi."

"Banasema vile vile? Umwuka mubi?"

"Vile vile, Maman."

"Basi batu ba hapa banajua. Kuna kitu kilizikwa. Leta kisu, tuinue tapi."

Tulikata kona, tukavuta. Gamu ililia kama kitambaa kinachochanika. Chini sima ilikuwa nyeusi, na karibu na choo kulikuwa na tundu la mviringo. Ndani ya tundu, kitambaa cheusi. Kimefungwa mafundo, kimezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, kimeshindiliwa kwa nguvu.

"Yesu!" nilipiga kelele.

"Unaona? Unaona sasa?" Maman Antoinette alikuwa anatetemeka, lakini kwa furaha. "Mafundo! Ni maisha yenu banafunga pale! Ni pumuzi ya mutoto!"

Pumuzi ya mtoto. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nilichukua koleo la jikoni nikavuta. Kilikataa. Nikavuta kwa mikono miwili, kikatoka na maji meusi, nikaanguka nacho.

Tulikichoma nyuma ya nyumba kwa petroli. Moshi wa mpira ukaruka ukuta, na kichwa cha Véronique kikatokea.

"Ni nini munachoma?" Akaangalia vizuri. Macho yakamtoka. "Nani alibaambia mutoshe ile kitu?"

Nikamuuliza polepole:

"Ulijua iko?"

"Nilijua, ni miye njo nili..."

Maman Antoinette hakumwacha amalize. Alianza kuimba kwa sauti yote, anapiga makofi, anakanyaga majivu. Véronique alisema maneno mengi pale ukutani. Niliona mdomo wake unakwenda, mkono unaonyesha dirisha. Sikusikia hata moja. Sikutaka kusikia. Nilishajua: ni yeye aliyeweka, na amekubali mwenyewe.

Mnajua kilichofuata? Tulitegemea nyumba itapumua. Badala yake harufu ilipanda kama maziwa kwenye moto. Ilitoka dushi, ikafika sebuleni, ikaingia kwenye chumba tulicholala.

"Ni pepo anakasirika," Maman Antoinette aliniambia akiwa tayari mlangoni, anatafuta viatu. "Funga dirisha, funga mulango wa dushi, asitoroke akaingia kwa mutoto. Na umusafishe na kitu kikali."

Kitu kikali. Hayo maneno mawili, wamama, yachunguzeni sana kabla hamjayafuata.

Jumapili asubuhi sikwenda misa. Nilimvalisha Elikia gauni jeupe, nikamwambia akae kitandani na asishuke. Nikanunua javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikamwaga juu ya tapi chupa nzima, pale ilipokuwa na mkojo wa wapangaji wote waliotutangulia. Harufu ikabaki. Nikakumbuka nilikuwa na asidi, ile ya kung'arishia choo, waliyonipimia sokoni kwenye chupa ya soda. Nikaimwaga juu yake.

Tapi ilichemka. Kweli, ilitoa povu na sauti, kama mafuta yakipokea samaki.

Macho yakaniwaka. Koo likajifunga. Nikatoka mbio nikavuta mlango nyuma yangu, na katika kichwa changu nilikuwa nafurahi. Nilijiambia: anapigana, anatoka.

Hapo hapo pikipiki zikaita mlangoni. Ni wao. Mama mkwe alishuka na kikapu cha ndizi, Munyemana nyuma yake. Nilijifuta machozi nikakimbia kumpokea.

"Karibu, maman. Karibu sana. Nipe kikapu."

"Unalia nini?"

"Ni kitunguu, maman."

Akanusa. Akanusa tena.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko anavaa. Elikia! Elikia, tate amefika, bibi yako!"

Hakuna aliyejibu. Tukasikia kikohozi kimoja ndani, kimekauka, kikikatwa katikati. Halafu kimya.

Mtoto alikuwa ameshuka kitandani kwenda kukojoa kabla bibi yake hajaingia, asije akaaibika. Na kwa vile nimemfundisha heshima, alisukuma komeo kwa ndani.

Munyemana aligonga mlango wa dushi kwa bega. Mlango ule ni wa mbao, umevimba kwa maji, haukutikisika. Mimi nilikuwa naita jina la mtoto tu. Mama mkwe alikuwa ananiangalia mimi, si mlango.

Tukasikia kioo kinavunjika. Upande wa nje.

Halafu sauti ya Véronique: "Nimemushika! Mukuye huku! Mukuye huku mbio!"

Tulizunguka. Alikuwa amepanda juu ya ndoo, amejipitisha nusu ndani ya dirisha lile dogo, misumari yangu imemchana mikono. Alimtoa Elikia kwa kwapa kama mtu anavyotoa ndama. Gauni jeupe, midomo ya buluu.

Kituo cha afya si mbali. Véronique ndiye aliyembeba, alikataa kumwachia mtu. Wakamvalisha mtoto kifuniko cha hewa usoni, wakatufukuza wote kwenye korido.

Mama mkwe alikaa benchi la kwanza na mwanawe. Mimi nilikaa la mbali. Véronique akaja akakaa kando yangu, damu inamkauka mikononi.

"Maman Elikia, nilikuambia uache dirisha wazi."

"Weye ulisema bombani nyumba yangu iko na pepo!"

"Miye? Pepo? Nilisema lini?"

"Umwuka mubi! Nilisikia na haya masikio!"

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Umwuka," akasema polepole. "Hewa. Hewa mubaya! Ile gazi ya shimo la choo. Tundu lile halina kitu cha kuzuia, gazi inapanda moja kwa moja. Mupangaji wa mbele, yule aliwatangulia nyinyi, alikuwa anaumwa kichwa kila siku, tukainua tapi nikamuzibia na kitambaa na mpira, tukairudishia na gamu, tungojee fundi. Njo ile mulichoma."

"Lakini umwuka ni Roho. Hata kwa misa banasema."

"Ni Roho. Ni hewa pia. Ni pumuzi. Ni ile moshi ya maji inatoka kwa sufuria. Yote ni umwuka, mwana mama! Juu ya nini haukuniuliza?"

Kitambaa nilichokiita uchawi ndicho kilichokuwa kinamlinda mtoto wangu. Na aliyekiweka, aliyetaka kutulinda, nilikuwa nimemfungia dirisha kwa misumari.

Nilitaka kumshika miguu. Lakini niseme ukweli, hata wakati ule kidudu cha wasiwasi kilikuwa hakijafa. Kilikuwa kinaniuliza: huyu mwanamke kwa nini anajua nyumba yetu kuliko sisi? Na alifikaje dirishani kabla sisi wenye mtoto hatujapiga hata kelele ya pili?

Mlango ukafunguka. Muganga akatoka, kijana wa miwani.

"Mutoto anapumua. Atabaki hapa tumuchunge, kifua kimechomeka, lakini atapona."

Nililia. Munyemana alilia. Mama mkwe alifanya ishara ya msalaba, kisha akakaa wima.

"Sasa nataka kujua," muganga akasema. "Kwa nguo yake kuna javeli na kuna asidi. Ile vitu viwili vikikutana vinatoa sumu, hata muntu mukubwa inamuangusha. Nani alichanganya?"

Mama mkwe aligeuza shingo taratibu mpaka macho yake yakanifikia. Nilijua neno linalokuja. Lilikuwa limekaa kinywani mwake tangu siku ya kwanza. Nilifungua mdomo.

"Ni miye," Véronique akasema.

Wote tukamgeukia.

"Weye?" mama mkwe akauliza. "Uliingia kwa nyumba ya batu kufanya nini?"

"Nilienda kumusaidia kusafisha, maman. Alikuwa anataka mukute kuzuri. Yeye alikataa, miye njo nilimwaga. Musamehe."

"Munyemana, unamujua huyu?"

Mume wangu alikuwa anamwangalia Véronique. Hakusema anamjua. Hakusema hamjui. Aliangalia viatu vyake.

Mama mkwe akasimama, akaja mpaka mbele yangu. Hakuangalia uso wangu. Aliangalia kitenge changu cha kijani, ambacho mbele yote, kuanzia tumboni mpaka magotini, kilikuwa na madoa meupe mapya ya javeli. Kitenge cha Véronique kilikuwa na damu tu.

"Miye niko muzee," akasema, "lakini macho yangu iko ya kijana. Niambie weye mwenyewe. Huyu mwanamuke anasema kweli?"

Véronique aliinama kama anayefunga kiatu. Akaninong'oneza sikioni, bila kutikisa midomo:

"Sema ndiyo. Mutoto atabaki kwako. Kisha sisi wawili tutaongea."

Tutaongea nini?

Muganga anangoja. Mume wangu anaangalia viatu. Mama mkwe ameninyooshea mkono, kama mtu anayesubiri arudishiwe kitu chake.

Hapo niachieni pumzi. Nilichojibu ni kizito, nitakiandika kipande kijacho, na kuna mama mahali fulani ameshika chupa mkononi sasa hivi, hawezi kunisubiri. Yeye achukue haya.

Usichanganye javeli na asidi. Wala javeli na siki. Wala usiimwage javeli mahali penye mkojo wa zamani.

Usifunge dirisha unaposafisha dushi. Usilifunge hata baada ya kumaliza.

Usimwage maji mengi juu ya tapi iliyogundishwa. Nyunyiza bikarboneti kavu, ifagie, rudia, na uwe na subira niliyokosa mimi.

Usinunue dawa ya choo iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Usizibue tundu la sakafuni kabla ya kuuliza aliyeliziba.

Usimwache mtoto afike kwenye komeo la dushi.

Usipange nyumba yenye tapi bafuni, hata wakikuambia ni ya Ulaya.

Usibebe neno la lugha ya watu ukaenda nalo nyumbani bila kuuliza maana zake zote.

Na usimwache mtu akubebee kosa lako mbele ya mama mkwe, kama hujui mzigo huo atautua wapi.